Mbegu Kutoka Mfuko wa Koti

Kwa miaka ishirini na miwili Muthama hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni, na wote wawili waliishi raha mustarehe. Boma zao zilitenganishwa na mto wa mchanga tu, nje kidogo ya Mutomo, na asubuhi mmoja akikohoa mwenzake alisikia. Lakini nthoni, ile heshima ya ukweni, ni nthoni. Mkamba aliyelelewa akaleleka hamkodolei macho mama wa mke wake. Akikutana naye njiani huingia kichakani na kujifanya anatafuta mbuzi aliyepotea. Haketi karibu naye, hali mbele yake, na jikoni mwake ndiyo usiseme. Siku hizi vijana wa mjini hukumbatiana na mama wakwe zao na kupiga picha nao harusini. Muthama akionyeshwa picha za namna hiyo kwenye simu ya mkewe, Mbithe, alikuwa akigeuza uso kana kwamba amemfumania mtu akioga.

Kavindu, mama mkwe mwenyewe, alikuwa hivyo hivyo na zaidi. Kanisani alikuwa mwenyekiti wa akina mama na alikaa benchi la mbele. Muthama alikaa la mwisho, karibu na mlango, na akawa wa kwanza kutoka. Kwa hiyo alichokijua kwa mama mkwe wake ni kisogo, kitambaa cheupe cha kichwani, na sauti. Sauti hiyo ingeweza kumwita mtu aliye Ikutha bila simu.

Mwaka huo mvua ya Novemba ilikuja, ikachungulia, ikaenda zake. Ile ya Aprili haikujisumbua hata kuchungulia. Muthama alikuwa mfugaji wa nyuki, kama baba yake, na nyuki wa Kitui si watumwa wa mtu: pasipo na ua wala maji wanahama, na kwaheri hawasemi. Mzinga mmoja baada ya mwingine ulinyamaza. Kufikia Agosti ukanda mzima ulikuwa na magogo matupu yakining'inia mitini, isipokuwa gogo moja, lile ambalo baba yake Muthama alilichonga kwa mkono wake na kulitia alama ya ukoo, na ambalo lilikaa juu ya mgunga mkubwa ukingoni mwa mto. Hilo lilivuma kutwa kucha. Wafugaji wenzake walikuja kuuliza dawa aliyotumia, na alipowaambia hana dawa waliondoka wakimwona mchoyo.

Ukweli ni kwamba hata yeye alikuwa ameshangaa. Nyuki wake walirudi wamebeba vidonge vya chavua miguuni, na chavua ile hakuijua. Chavua ya alizeti ni manjano nzito, ya mahindi imepauka, ya mgunga inakaribia weupe. Hii ilikuwa manjano yenye ukijani, na Muthama hakuwahi kuiona tangu utoto wake. Mtoto akirudi nyumbani na peremende usiyomnunulia, utamuuliza amepewa na nani. Basi alasiri moja akasimama chini ya mgunga, akatazama wanakoelekea, akavuka mchanga nyuma yao.

Wakampeleka kwa mama mkwe.

Alisimama nje ya ua wa minyaa, akakohoa kwa adabu ili kama mama yupo ajue apite upande gani. Kimya. Akachungulia. Mwisho kabisa wa shamba, nyuma ya mbaazi zilizokauka, palikuwa na kipande cha kijani ambacho kwa mwaka ule kilikuwa karibu na tusi. Mimea ilikuwa mingi, majani yake yamefumbuliwa kama vidole vya mkono, na nyuki wake walikuwa wamejaa kwenye ile iliyoning'iniza vishada vya maua madogo. Upepo ukamletea harufu. Muthama hakuwa mvutaji, lakini hakuwa mtoto pia. Ilikuwa bangi.

Alipata wazo la kwanza ambalo mkwe mwema angelipata: mhuni fulani amempandia mama shambani mwake bila yeye kujua. Wazo hilo halikuishi sana. Alisikia kandambili, akachuchumaa nyuma ya minyaa, na kitambaa cheupe kikatokea na debe la maji.

"Haya, watoto wa koti," Kavindu alisema, "kunyweni."

Hapo Muthama akaelewa, maana lile koti kila mtu alilijua. Kavindu alilinunua kwenye mitumba ya mji wa Sultan Hamud alipokwenda kumwona dada yake, koti zito la watu wa baridi, ambalo Mutomo lingemfaa mtu aliyekusudia kujiua kwa jasho. Mbithe alikuwa amemsimulia mumewe akicheka kwamba ndani ya mfuko wa siri mama alikuta mbegu chache ndani ya kijikaratasi cha nailoni, na badala ya kuzitupa alikuwa amezipanda.

Angezitupaje? Kavindu alikuwa mtu wa mbegu. Kunde zake zilizaa pale ambapo za wengine zilikuwa zimesalimu amri, na watu walitoka mbali kumwomba kiganja kimoja. Kila kilichonusurika ukame alikitunza, akakitia kibuyuni, akakitundika juu ya moshi wa jiko, kama mama yake na nyanya yake. Za koti zilipoota alidhani ni mgagani wa kizungu, mboga ya vidole vitano, na akajiandaa kuchuma. Zilipochanua na kuanza kunuka alijua. Lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Mimea ile ilikuwa imempendeza: yote sawasawa kama watoto wa shule wenye sare, mifupi ya kufika kiunoni, shina nene, jani pana la kijani kizito, na ilichanua haraka bila kungoja msimu wala mvua. Mmojawapo ulikuwa dume, kwa hiyo mingine ikazaa. Mwanamke kama huyo angeachaje mbegu ya mmea usioogopa jua? Alizivuna, akazipanda tena.

Kosa lake lilikuwa hapo. Angekuwa mtu wa kununua mahindi ya pakiti dukani, angejua kwamba mbegu ya kuchanganywa haizai sura yake mara ya pili. Lakini Kavindu hakuwa amenunua mbegu dukani tangu azaliwe, na jambo hilo alijivunia. Sasa alikuwa akizunguka na debe lake, akigomba.

"Wewe mrefu, umemfuata nani? Mama yako alinifika hapa." Alipiga kiuno. "Majani membamba kama ya mgeni. Na wewe una rangi ya zambarau, nani kakupa? Huyu ananuka ndimu, ndugu yake ananuka mafuta ya taa, yule kule ananuka embe lililoiva, na wote nimewanywesha debe moja. Wengine mmechanua upesi kama mama yenu, wengine mwezi wa tatu huu mnanitazama tu. Aa! Mtu hupanda kunde akavuna kunde. Nyinyi nimewapanda nikavuna mkutano wa hadhara."

Akamwagilia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Najua mnaitwaje. Baba yangu aliwavuta kwenye kiko akilinda mtama na ndege. Mimi siwavuti, na hakuna mtu nitamgawia. Nataka kujua mtaishia wapi, basi."

Muthama alingoja mpaka kandambili zilipokwenda. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Nyumbani Mbithe alimuuliza alikuwa wapi, akasema kwa nyuki, na kwa hilo hakudanganya. La pili hangeweza kulitamka. Aibu ya mama mkwe ni kama uchi wake, na mwanaume hamsimulii mke wake uchi wa mama yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya mahubiri, Nzomo, naibu wa chifu, aliomba dakika moja na akachukua nyingi. Alisema imejulikana kwamba huku kando ya mto kuna watu wanapanda bangi. Wiki moja ikipita, Jumatatu, askari wangekuja kupita boma kwa boma, mashambani na manyumbani, na atakayekutwa nayo atapelekwa kortini Kitui na mlango wa jela hautaangalia mvi. "Akina mama," akamalizia, "ongeeni na vijana wenu."

"Amina!" Kavindu aliitikia, juu kuliko kanisa zima.

Muthama alishika benchi la mbele yake. Akajiambia sawa, amesikia, kesho atang'oa. Kesho yake alivuka kwenda kuchungulia, akakuta udongo umelowa maji mapya. Jumanne vivyo hivyo. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwanamke huyu, na alikuwa akiinywesha jela yake kwa debe.

Mtu anayempenda mama mkwe wake angechukua hatua siku hiyo hiyo. Muthama alimpenda, kwa namna ya kupenda kisogo na sauti, na bado alikaa. Sababu ilikuwa juu ya mgunga. Bangi haina asali, lakini ile chavua ndiyo ilikuwa ikilisha watoto wa nyuki, na nyuki mwenye watoto hahami. Mimea ikitoka, gogo la baba yake litanyamaza kama mengine. Alisimama chini yake akisikiliza ule mvumo na akamwomba Mungu alete mvua kabla ya Jumatatu, ili mambo yote mawili yapone. Alijua ni ombi la mwizi, akaona haya.

Mvua haikuja. Jumatano akang'oa mche mmoja, ule mrefu, akaulaza mlangoni pa shamba kama ishara, ili mama ajue kwamba kuna mtu anajua. Kavindu aliuokota, akaulaani ukoo wote wa mbuzi wa jirani, na kabla ya jua kuzama alikuwa amezungushia mimea yake miiba. Ishara si za kila mtu.

Alhamisi Muthama alikwenda pale kwenye ua, akageuza mgongo, akawatazama nyuki wake wanaopita juu. Nyuma yake alisikia debe likitua. Akakohoa. Kandambili zikasimama, kisha akasikia nguo ikigeuka. Sasa walikuwa wamepeana migongo, minyaa katikati, kama heshima inavyotaka.

"Nyinyi nyuki," Muthama akaanza, akakohoa tena. "Nyinyi nyuki, nimewaona mnakokula. Chakula ni kizuri. Lakini Jumatatu Nzomo anakuja na askari. Si mlisikia kanisani?"

Ile sauti, safari hii ndogo, ikaiambia mimea, "Watoto wa koti, kumbe ule mche hakuung'oa mbuzi."

"Nyuki, mbuzi hawana makosa."

"Mwambieni mwenye nyuki, nilisikia. Mimi si kiziwi. Asubuhi naamka nasema leo nang'oa. Nikifika hapa mkono unakataa. Haujawahi kung'oa kitu kilichokubali kuishi bila mvua. Nilizika watoto wawili ukame wa zamani ule, na mbaazi zikabaki. Mbaazi ndizo zilimlea Mbithe. Sasa kitu kinaota kwenye jua kama hili, mimi nikiue?"

Muthama hakuwa amejua habari za watoto wawili. Mbithe hakuwahi kuzitaja, labda naye hakuambiwa. Alitamani kugeuka, akajizuia.

"Nyuki," akasema, "hata mkiachiwa hivi, hawa watoto wa koti hawataishia popote. Kila mara watazaa sura nyingine. Si mbegu ya kutunzwa. Lakini mama mkimpoteza, hakuna kibuyu cha kumtoa mwingine."

Debe lilisogezwa. Alimsikia akipenga kamasi kwenye leso.

"Watoto wa koti," Kavindu akasema mwishowe, "mwenye nyuki anajua akiwatoa nyinyi, nyuki zake zinaenda?"

"Nyuki, mwambieni anajua."

"Basi mwambieni mimi nitageukia nyumba, niimbe. Afanye haraka."

Akageukia nyumba, akaimba tenzi kwa sauti ile ya kufika Ikutha, ili asisikie mizizi ikitoka. Muthama aliingia shambani akang'oa wote, wafupi na warefu, wa ndimu na wa mafuta ya taa, huku nyuki wakimzunguka mikono bila kumuuma. Watoto wa koti aliwatupa kwenye shimo la choo cha zamani, akafukia kwa mchanga. Mama mkwe alirudia beti zote mara ya pili, kwa sababu kazi ilikuwa kubwa. Kabla ya Jumapili mgunga ulikuwa umenyamaza. Muthama aligonga gogo kwa kiganja, likajibu kwa mlio mtupu, na akaketi chini yake akalia kidogo, kwani hapakuwa na mtu.

Jumatatu Mbithe alikwenda sokoni. Muthama alikuwa ukingoni akiteremsha mizinga mitupu alipoona askari wawili na Nzomo wakitoka boma la jirani, upande ule wa pili. Hakuwa na wasiwasi. Shamba lilikuwa safi. Ndipo Kavindu akatokea nyuma ya nyumba yake, akageukia mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, akapaza sauti:

"Mbuzi wewe! Kile kibuyu cha tatu, juu ya moto! Mkono umekataa, umekataa tena!"

Muthama akaweka mzinga chini. Mbegu! Mwanamke yule angevuna kitu gani bila kuweka mbegu? Na Nzomo alikuwa ameshasema watapita mpaka ndani ya nyumba.

Alivuka mto mbio, akapenya ua wa minyaa, akafika mlango wa jiko na miguu ikagoma yenyewe. Miaka ishirini na miwili si mchezo. Ndani, Kavindu alikuwa ameshaketi kando ya mafiga, uso ameuelekeza ukutani, mikono mapajani. Muthama akainama, akaingia.

Vibuyu vilipangwa kwenye kamba juu ya moshi, vyeusi kwa masizi. Alishusha cha tatu, akang'oa kizibo, akamimina kwenye makaa. Mbegu zikaanza kulia pa, pa, pa, kama bisi. Alikitikisa mpaka chembe ya mwisho. Nje sauti ya Nzomo ikabisha hodi. Jiko lilikuwa na mlango mmoja, na Muthama hakuwa moshi wa kupita paani. Akaketi kwenye kigoda kilichokuwa wazi, akakutanisha magoti.

Nzomo akainama mlangoni. "Mwaitu, mama yetu, hamjambo. Tumetumwa tuangalie kila..." Macho yake yakazoea giza. Akaona moto, akaona mama, akaona mkwe wa mama ameketi jikoni mwa mama, magoti yao karibu yagusane. Nzomo alikuwa na sare ya serikali, lakini alikuwa pia na mama mkwe wake kule Salama, na kila mwaka akienda huko hulala kwa jirani. Uso ulimwiva. Alirudi kinyumenyume, akagonga kichwa kwenye boriti.

"Nisameheni," alisema, "nisameheni jamani."

"Kuna nini humo?" askari mmoja akauliza. Alikuwa mtu wa mbali.

"Hakuna kitu. Hapo hapaingiliki."

"Lakini tuliambiwa kila nyumba."

"Nimesema hapaingiliki. Wewe hutaelewa. Twende shambani."

Wakazunguka shamba, wakatazama mbaazi kavu, wakaenda zao. Habari ilifika sokoni kabla ya Mbithe kumaliza kununua, na ilizungumzwa mwaka mzima: si ya bangi, hiyo hakuna aliyeikumbuka, bali ya Muthama kukutwa jikoni kwa mama mkwe wake, Mungu atuhurumie.

Jikoni mbegu ya mwisho ililia, ikanyamaza. Muthama alikuwa ametazama makaa wakati wote huo. Alitaka kuinuka, lakini aliona kwamba Kavindu amegeuka kutoka ukutani na anamtazama yeye, moja kwa moja, kama mtu anayekagua mbegu kiganjani. Basi naye akainua macho. Kavindu alikuwa na uso wa Mbithe, uliopigwa na miaka mingi zaidi, na machozi yalikuwa yamechora njia kwenye majivu.

"Kumbe umezeeka, mwanangu," alisema. "Nilikupa msichana wangu ukiwa kijana."

Hapakuwa na nyuki wa kuwaambia.

"Ni jua, mwaitu," Muthama akamjibu.